Sola hailishwi joto

Mwandishi aliyedai kuwa sola inafaa Igawa kwa sababu ya joto la Usangu, lakini si Makambako kwenye baridi, anawapotosha wanunuzi. Paneli inafanya kazi kwa mwanga. Mwanga huja kwa mafungu, yaani fotoni, kama Einstein alivyoeleza mwaka 1905. Fotoni yenye nishati ya elektronivolti 1.1 hivi au zaidi huifungua elektroni ndani ya silikoni. Zilizo dhaifu hupita bure, hata zije nyingi namna gani. Joto, kinyume chake, hushusha volti: kila nyuzijoto moja ya paneli juu ya 25 hupunguza nguvu kwa takriban asilimia 0.4. Kwa hiyo, chini ya mwanga ule ule, paneli ya Makambako itazalisha zaidi. Nanyi wa Igawa, acheni nafasi ya hewa kati ya paneli na bati ili paneli ipoe.