Akili za Mtoto Hulindwa Jikoni

Wazazi wengi wa Goma wanajinyima ili watoto wao wasome. Mama anauza mboga na makala tangu asubuhi hata jioni. Baba anasukuma chukudu yenye mzigo mzito, na fedha inayopatikana inapelekwa shuleni. Hiyo ni kazi njema, nasi tunaisifu. Lakini tukumbuke jambo moja. Shule inaufundisha ubongo ambao mtoto amekwisha kuupata nyumbani; haiwezi kumjengea mwingine. Ubongo hujengwa tumboni mwa mama na katika miaka ya kwanza ya mtoto, na vifaa vya kuujenga vinatoka katika chungu cha kila siku. Kwa hiyo maoni yetu ni haya: anayetaka mtoto mwenye akili, aangalie jiko lake kwanza, ndipo aangalie shule.

Hatusemi juu ya vyakula vya matajiri. Wala hatusemi juu ya vidonge vya kuongeza akili ambavyo watu wanavitembeza sokoni. Afadhali fedha hiyo inunue samaki. Tunasema juu ya vitu vitatu ambavyo kila nyumba inavijua: chumvi, mihogo, na sambaza pamoja na maharagi. Vitu hivi vitatu vinasaidiana. Kimoja kikitumiwa vibaya, kinapunguza faida ya vingine.

Tazameni habari ya kisiwa cha Idjwi, kilichoko katika Ziwa Kivu, kusini ya Goma. Katika miaka ya 1960 waganga wa Ubelgiji walifanya uchunguzi kisiwani. Upande wa kaskazini waliona karibu nusu ya watu wana rovu, yaani uvimbe wa shingo. Tena waliona wengine waliozaliwa na akili dhaifu, wengine viziwi, wengine wafupi wasioweza kutembea vizuri. Upande wa kusini-magharibi waliona wachache tu wenye rovu. Hapo wakashangaa, kwa sababu ukosefu wa iodini ulikuwa sawasawa pande zote mbili. Basi tofauti ilitoka wapi? Baada ya uchunguzi wa miaka mingi, hapo Idjwi na baadaye katika nchi ya Ubangi, walijua ya kuwa mihogo isiyotengenezwa vizuri ilikuwa inaongeza taabu ya watu waliokosa iodini.

Iodini ni nini? Ni kitu kidogo sana ambacho mwili unakihitaji kila siku. Katika shingo ya kila mtu kuna tezi yenye umbo kama la kipepeo. Tezi hiyo inatumia iodini kutengeneza dawa ya mwili yenyewe, na dawa hiyo ndiyo inayouamuru ubongo wa mtoto ukue. Iodini ikikosekana, tezi inavimba kwa kujaribu kufanya kazi bila kifaa. Hiyo ndiyo rovu. Mtu mzima anaona shingo tu. Lakini mtoto aliye tumboni anapata hasara kubwa zaidi, na hasara hiyo haionekani mpaka siku atakaposhindwa kusema, au kusikia, au kufuata masomo. Wakati huo hakuna dawa ya kurudisha kilichopotea.

Kwa nini nchi yetu ina upungufu huu? Kwa sababu tunakaa milimani, mbali na bahari. Mvua nyingi za miaka elfu na elfu zimeosha iodini katika udongo na kuipeleka baharini. Mahindi, viazi na maharagi yanayoota katika udongo huo hayana iodini ya kutosha. Hata samaki wa ziwa letu hawana kama wale wa baharini. Mtu anaweza kula akashiba kila siku, na bado ubongo wa mtoto wake ukakosa kitu hiki kimoja.

Ndiyo sababu katika miaka ya 1990 serikali yetu iliagiza chumvi ya chakula itiwe iodini, na tangu hapo ugonjwa wa rovu umepungua sana. Ni msaada mkubwa, tena wa bei rahisi. Lakini msaada huu unaweza kupotea njiani kati ya duka na chungu. Tunaona chumvi imemwagwa juu ya gunia wazi kando ya barabara, ikipigwa na jua na mvua. Tunaona chumvi ya nyumbani ndani ya kopo lisilo na kifuniko, karibu na mbabula, penye joto na mvuke. Iodini haipendi jua, wala maji, wala moto. Inaondoka polepole, na mwenye nyumba hajui, maana ladha ya chumvi haibadiliki. Basi nunueni chumvi iliyofungwa katika mfuko na kuandikwa kwamba ina iodini. Iwekeni ndani ya chombo chenye kifuniko, mahali pakavu, mbali na moto. Itieni katika chakula mwishoni, chungu kikiwa karibu kuepuliwa.

Lakini mtu asifikiri ya kuwa chumvi nyingi italeta akili nyingi. Hasha! Kijiko kimoja kidogo kwa siku kinamtosha mtu mzima, tena pamoja na ile iliyomo katika vipande vya supu vya dukani. Chumvi ikizidi, damu inapanda. Na damu iliyopanda kwa miaka mingi inapasua au kuziba mishipa ya ubongo. Ndiyo maana mzee aliyelala mzima anaamka upande mmoja umepooza. Chumvi iwe kidogo, nayo iwe nzuri.

Sasa tuseme juu ya mihogo. Hatuwaambii watu waache bugali ya mihogo, kwa kuwa imeokoa wengi wakati wa njaa. Lakini mihogo, hasa ile michungu, ina sumu iitwayo sianidi. Sumu hiyo inatolewa kwa maji, kwa jua na kwa uvumilivu. Mihogo ikilowekwa siku tatu, kisha ikaanikwa jua kali mpaka ikauke kabisa, sumu nyingi imetoka. Ikilowekwa siku moja tu, sumu inabaki. Na mwili unapojitahidi kuivunja sumu iliyobaki, kinatokea kitu kinachoizuia tezi ya shingo kupokea iodini. Hivyo ndivyo mihogo ilivyozidisha taabu ya Idjwi.

Sumu hiyo ikizidi sana inaleta ugonjwa mwingine, nao ni konzo. Jina hili limetoka kwa Wayaka wa Kwango, na maana yake ni miguu iliyofungwa. Mganga Trolli aliandika habari zake mwaka 1938. Mtu, mara nyingi mtoto au mama kijana, anaamka akiona miguu imekazana, naye hatatembea vizuri tena maisha yake yote, maana mishipa ya fahamu inayotoka ubongoni imeharibika. Mwaka 1985 ugonjwa huu ulitokea Tarime, huko Tanzania, wakati wa ukame. Tusiseme ni mambo ya mbali. Mwaka 2011 waganga walieleza habari za wagonjwa wa konzo huko Burhinyi, katika Kivu ya Kusini, nchi iliyosumbuliwa na vita.

Kwa nini konzo inafuata vita na njaa? Kwa sababu mwenye njaa hangoji siku tatu. Anayekimbia hawezi kukaa kando ya maji akilinda mihogo yake. Lakini haraka ya biashara nayo inaleta hatari ile ile. Huko Bandundu, barabara ya lami ilipofungua njia ya kuuza mihogo Kinshasa, watu wengi walifupisha siku za kuloweka ili wauze upesi. Walipata fedha, na hatari ikaingia nyumbani mwao. Sisi wa Goma twanunua unga sokoni, wala hatujui ulilowekwa siku ngapi. Basi, fanyeni hivi mkishuku unga wa mihogo. Uchanganyeni na maji mpaka uwe umelowa wote. Utandazeni juu ya sinia au mkeka safi, usizidi unene wa kidole. Uacheni saa mbili juani, au saa tano kivulini, kisha pikeni bugali siku ile ile. Sumu iliyobaki inatoka hewani. Njia hii ilianza kutumiwa katika nchi yetu huko Popokabaka mwaka 2010, nayo imesaidia sana kuzuia konzo. Haigharimu kitu ila kungoja. Na sombe vilevile: itwangwe vizuri, ichemshwe muda mrefu, chungu kikiwa wazi.

Kitu cha tatu ni samaki na maharagi. Mwili hauwezi kuivunja sumu ya mihogo bila msaada, na msaada huo unatoka hasa katika samaki, mayai na nyama, hata maharagi kwa kiasi chake. Anayekula bugali na majani matupu kila siku hana silaha. Sambaza hawakuwako katika Ziwa Kivu hapo zamani. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika karibu na mwaka 1960. Leo ni chakula cha wadogo kwa wakubwa. Wanaliwa wazima, kichwa na mifupa, na mafuta yao ni mema kwa ubongo. Maharagi yana madini ya damu, na damu nzuri ndiyo inayopeleka pumzi katika ubongo. Kuleni pamoja na limao au marakuja, ili mwili uyapokee madini hayo vizuri. Na chai ingoje mpaka chakula kimeshuka. Lengalenga nazo zisikose, hasa kwa mama mwenye mimba.

Hapa tuna neno kwa akina baba. Katika nyumba nyingi samaki wengi wanawekwa katika sahani ya baba, na mama mwenye mimba anakula mchuzi. Desturi hii si heshima. Ni hasara kwa ukoo wote, maana baba amekwisha kukua, na mtoto aliye tumboni bado anajengwa. Tena yuko baba anayesema hakuna fedha ya sambaza, naye jioni ananunua kanyanga. Pombe hiyo inaharibu ubongo wake mwenyewe, na fedha yake inapunguza ubongo wa mtoto wake. Mama naye aliye na mimba asinywe pombe hata kidogo, wala kasiksi, kwa kuwa kinachoingia kwa mama kinaingia kwa mtoto.

Wengine watasema: ‘Mababu zetu walikula mihogo, wala hawakujua iodini.’ Ni kweli. Lakini mababu wengi walijua kungoja mihogo ilowe, na mahali walipokosa iodini, watoto wao walipata taabu kama ile ya Idjwi. Wengine watasema: ‘Mtoto huyu amerogwa,’ au, ‘Konzo imetumwa na jirani.’ Ndugu, neno hilo linaua mara mbili. Linamletea mama mzee asiye na kosa mateso ya bure, tena linaiacha sumu ikae katika chungu impate mtoto wa pili. Na yule aliyekwisha kuzaliwa na akili dhaifu, au aliyepatwa na konzo, asichekwe wala asifichwe. Alikosa kitu kidogo ambacho watu wazima tulipaswa kumpa. Apelekwe hospitali, afundishwe kazi anayoiweza, akae pamoja na wenzake kanisani na mezani.

Watu wazima nao wasijisahau. Ubongo uliojengwa vizuri unataka kutunzwa. Laleni usiku wa kutosha, maana ubongo unajisafisha na kuweka masomo mahali pake wakati wa usingizi. Pimeni damu yenu hata kama hamsikii ugonjwa. Msilale na mbabula yenye makala inayowaka ndani ya nyumba iliyofungwa. Moshi wake usioonekana unaziba pumzi ya ubongo, na wengi hawaamki. Na mkipanda moto, vaeni kofia ngumu, dereva na abiria. Mawe ya lava katika barabara zetu hayana huruma kwa kichwa.

Mnaona ya kuwa mambo haya si makubwa. Mfuko wa chumvi, siku tatu za maji, kikombe cha sambaza. Hakuna hata moja linalomngoja mganga mkubwa au mashine ya ng'ambo. Yanangoja mama na baba wakubaliane. Kwa hiyo leo jioni, kabla ya kulala, tazameni chumvi yenu imewekwa wapi. Ikiwa wazi karibu na moto, itafutieni chombo chenye kifuniko, na hiyo iwe kazi yenu ya kwanza.