Usiidharau samadi, wala usiitegemee peke yake

Ukiona majani ya mahindi machanga yakigeuka rangi ya zambarau, usiseme umerogwa. Mara nyingi mmea unalia kwa kukosa fosforasi, madini yale yale yanayoimarisha mifupa na meno ya watoto wako.

Huko Vihiga, Kakamega na Siaya, mkulima huuza kuku ili anunue DAP. Lakini udongo mwekundu wenye asidi una chuma na alumini, ambazo huing'ang'ania fosforasi hiyo. Mahindi hupata sehemu ndogo tu msimu huo. Iliyosalia hufungiwa udongoni. Isitoshe, DAP ikitumiwa miaka nenda miaka rudi huongeza asidi.

Samadi hufanya kazi tofauti. Ikioza, hutoa asidi hafifu zinazoshika nafasi kwenye chuma na alumini, hivyo fosforasi zaidi hubaki huru kwa mizizi. Vijidudu vya udongoni navyo huihifadhi, kisha huiachilia polepole vinapokufa.

Hata hivyo, siungani na wanaohubiri samadi pekee. Ng'ombe haumbi fosforasi, hurudisha aliyoila. Akilishwa nyasi za shamba maskini, samadi yake pia huwa maskini. Tena kila gunia la mahindi na kila mkebe wa maziwa uendao sokoni huondoka na fosforasi. Pengo hilo sharti lizibwe, ama kwa mbolea ya dukani, ama kwa mawe ya fosfati yaliyosagwa, kama yale ya Minjingu, Tanzania, yanayofaa udongo wenye asidi.

Basi fanya hivi. Pima udongo kwanza. Asidi ikizidi, tia chokaa. Wakati wa kupanda, tia samadi iliyooza pamoja na mbolea kidogo katika kila shimo badala ya kuimwaga ovyo.

Jihadhari pia na afya yako. Kinyesi cha binadamu kina fosforasi, lakini kikiwa kibichi huweza kubeba mayai ya minyoo na viini vya kipindupindu. Usikitie kwenye sukuma wiki kabla hakijatibiwa ipasavyo. Na kama shamba lako liko mteremkoni, panda nyasi za kuzuia mmomonyoko. Udongo unaosombwa hadi Ziwa Victoria hulisha gugu maji na kukuachia wewe njaa.

Wahenga walinena: mali bila daftari huisha bila habari. Udongo wako ni mali. Je, daftari lake liko wapi?