Zaburi ya 149 na Kosa la Kupima Ushairi kwa Vina Pekee

Wapo wahakiki wanaoshikilia kwamba Zaburi katika Kiswahili ni nathari ya ibada, na kwamba mahali pake ni kanisani wala si darasa la fasihi. Hoja yao ni moja: hazina vina wala mizani. Hoja hiyo ni dhaifu. Kanuni alizozieleza Kaluta Amri Abedi mwaka 1954 ni za ushairi wa Kiswahili wa kimapokeo. Si kipimo cha ushairi wa mataifa yote.

Uti wa mgongo wa ushairi wa Kiebrania, kama alivyobainisha Robert Lowth mwaka 1753, ni usambamba: kipande cha kwanza hutoa wazo, cha pili hulikariri, hulikuza au hulikabili. Mlio hupotea katika tafsiri, lakini usambamba huvuka. Katika Zaburi ya 149 Israeli yaitwa kumfurahia Muumba wake, na wana wa Sayuni kumshangilia Mfalme wao. Msomaji mvivu ataona marudio tu. Kumbe pana hoja: mwenye haki ya kutawala ni yule aliyeumba. Ndiyo maana utungo ulioanza kwa matari na kinubi waelekea mwisho wafalme wa dunia wakitiwa minyororo. Furaha hiyo ni hukumu juu ya enzi.

Mhakiki wa Mombasa hana udhuru wa kutoielewa hukumu hiyo. Muyaka bin Haji aliwasifu Mazrui, na mwaka 1837 utawala wao ukaangushwa na Seyyid Said. Wala sifa za Muumba si ngeni Mji wa Kale: tenzi hufunguliwa kwa kumtaja Mola, na aliyepita chuoni ayajua majina Khaliki na Maliki. Tena W. E. Taylor, mmisionari aliyekusanya mashairi ya Muyaka kwa msaada wa Mwalimu Sikujua, ndiye pia aliyetafsiri Maandiko kwa Kimvita. Kazi zilizopita katika mkono mmoja, wahakiki wamezitenga.

Anayemfundisha mwanafunzi sifa zinazompamba mtawala, asimfundishe sifa zinazompunguza, amefundisha nusu ya ushairi wa sifa. Zaburi na zisomwe kando ya Muyaka, si kwa ajili ya imani, bali kwa kuwa swali la nani anastahili kusifiwa ni swali la fasihi.