USIMWUE MAMBA WA SUKUMA WIKI

Nina kesi na watu wengi wa Kariobangi, na mshtakiwa wa kwanza ni mimi mwenyewe.

Mama hupanda sukuma wiki kwenye magunia nyuma ya nyumba. Nyingine tunakula, nyingine anauza. Mwaka jana zilishikwa na vidukari, wale wa kijivu wanaojazana chini ya jani mpaka linajikunja. Nikaona pia wadudu wengine weusi, warefu, wenye madoa ya rangi ya machungwa na miiba mgongoni, kama mamba wadogo sana. Nikawasaga wote kwa kidole. Nilijiona fundi kweli! Juma lililofuata vidukari walizidi, na mama akang'oa magunia mawili mazima.

Baadaye mwalimu wetu wa Biolojia akatueleza kwamba wale mamba ndio lava wa ladibadi, yule mdudu mwekundu tuliyekuwa tukimchezea utotoni. Lava mmoja hula vidukari mamia kabla ya kuwa pupa. Kumbe niliua askari nikaacha wezi!

Tena wengi tumedanganyana ati madoa ni miaka yake. Wapi! Ladibadi hutoka kwenye pupa akiwa mkubwa tayari, mwenye rangi hafifu ya manjano, bila madoa. Madoa hujitokeza baada ya saa chache na hayaongezeki tena maishani. Idadi yake hutegemea aina, na wengine hawana hata moja. Wala madoa si cheti cha tabia njema. Wako jamaa zao, Epilakna, wanaokula majani ya maboga na viazi. Hao mgongo haung'ai, una vinyweleo.

Kuna atakayesema kunyunyiza dawa ni rahisi. Sawa, lakini dawa nyingi hazichagui, na mboga ile tunaila sisi. Mwaka wa 1993 ladibadi kutoka hapa Kenya walipelekwa kisiwa cha St Helena, huko Atlantiki, wakaokoa miti isiyopatikana kwingine duniani iliyokuwa ikimalizwa na wadudu. Wenzetu waliwaagiza, sisi tunawasaga!

Kwa maoni yangu, shamba la shule lisipigwe dawa kabla majani hayajageuzwa na kukaguliwa. Sisi wanafunzi tunaweza kuifanya kazi hiyo.

Jumamosi nilipata mayai ya manjano chini ya jani, yamesimama wima kwa kikundi. Sijamwonyesha mdogo wangu bado. Kidole chake nakijua.