Tunalinda Nini Ziwani Kivu?

Taifa lisilo na nishati yake lenyewe halina ulinzi uliokamilika. Gari la doria haliendi bila dizeli, simu ya upepo haisemi bila umeme, na hospitali inayopokea majeruhi usiku haiwezi kufanya kazi gizani. Kwa sababu hiyo tunaona kwamba mjadala wa mafuta na nishati jadidifu, ambao umeenea duniani kote, si wa wataalamu peke yao. Unawahusu pia wanajeshi na polisi wetu, hususan walio zamuni hapa Gisenyi, ambapo maji ya Ziwa Kivu yamefunika hazina na hatari kwa pamoja.

Tuanze na mafuta. Petroli na dizeli zinazotumika Rubavu hutoka ng'ambo, zikapokelewa Mombasa au Dar es Salaam, kisha zikasafirishwa nchi kavu zaidi ya kilomita 1,400 kupitia nchi za jirani. Mwezi Januari 2008, ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya zilipofunga barabara, uhaba wa mafuta ulifika Uganda, Rwanda na Burundi. Hakuna adui aliyetuvamia siku zile, wala risasi moja haikupigwa mpakani mwetu. Hata hivyo magari yalisimama. Mwenye kutegemea njia ndefu hutegemea amani ya kila mji ulio njiani.

Basi, je, maji na jua vinatosha? Ni dhahiri kwamba hivyo ndivyo urithi wetu wa kudumu. Lakini yafaa ikumbukwe kwamba maji nayo yana masharti yake. Mwaka 2004 kina cha Ziwa Burera kilishuka mno, kituo cha umeme cha Ntaruka kikapungukiwa nguvu, na serikali ikalazimika kukodi mashine za dizeli kwa gharama kubwa. Ukame ulikuwa sababu moja. Sababu nyingine ilikuwa mikono ya binadamu: bwawa la Rugezi, linaloyalisha maji ziwa hilo, lilikuwa limekaushwa na kulimwa. Rugezi ilipohifadhiwa, maji yalirudi.

Somo hilo hilo linasomeka karibu zaidi nasi, katika mto Sebeya, ambao maji yake yalianza kuzalisha umeme Gisenyi zamani za wakoloni. Mto huo hutoka nyanda za Gishwati, ambako sehemu kubwa ya msitu ilikatwa kwa ajili ya malisho, mashamba na kuni. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua kubwa zilileta mafuriko na maporomoko ya ardhi yaliyoua watu zaidi ya 130 nchini, na Sebeya ukafurika na kubomoa nyumba za wananchi wa Rubavu. Mlima usio na miti hauwezi kuutunza mto, na mto uliojaa tope hauwezi kutunza mashine ya umeme.

Sasa tutazame ziwa lenyewe. Chini ya Kivu, katika maji mazito yasiyochanganyika na yale ya juu, imeyeyushwa gesi ya methani inayokadiriwa kuwa kilomita za ujazo 60, pamoja na hewa ukaa ipatayo kilomita za ujazo 300. Methani hiyo hutengenezwa na vijidudu, kutokana na mabaki ya viumbe na kutokana na hewa ukaa itokayo ardhini penye volkano. Huendelea kuzaliwa, lakini polepole. Kwa hiyo si mafuta ya kale yasiyorudi, wala si jua linalochomoza kila asubuhi.

Matumizi yake si jambo geni. Mwaka 1963 mtambo mdogo ulianza kazi Rubona, na gesi yake ikatumika kwa miaka mingi kuchemshia maji katika kiwanda cha bia cha Gisenyi. Mwaka 2016 ulizinduliwa rasmi mtambo wa KivuWatt huko Karongi, wenye uwezo wa megawati 26. Hapa Rubavu nako ukajengwa mtambo uliopangiwa megawati 56.

Wapo wanaosema kwamba methani ikichomwa hutoa hewa ukaa, hivyo iachwe ilipo. Kauli hiyo ingefaa mahali pengine. Tarehe 21 Agosti 1986, Ziwa Nyos nchini Kameruni lilitoa ghafla hewa ukaa iliyoua watu wapatao 1,700 usiku mmoja. Hiyo ndiyo gesi ambayo wenyeji wa Goma na Gisenyi huijua kwa jina la mazuku, nayo imejaa chini ya ziwa letu, ambalo ni kubwa mno kuliko Nyos. Nyiragongo ililipuka mwaka 2002, lava ikafika ziwani. Ikalipuka tena mwaka 2021. Ziwa lilitulia mara zote mbili, lakini utulivu wa jana si dhamana ya kesho.

Wapo pia wanaosema kwamba, kwa kuwa gesi ni nyingi, ivunwe kwa pupa. Hao nao tunawapinga. Maji huvutwa kutoka kina cha mamia ya mita, gesi ikatengwa, kisha maji hayo hurudishwa chini kwa kina kilichopimwa. Yakirudishwa ovyo, yataweza kudhoofisha tabaka linaloizuia gesi isipande. Aidha, ziwa ni la nchi mbili, na hewa ya sumu haiulizi pasipoti.

Msimamo wetu ni huu: gesi ya Kivu ichukue nafasi ya dizeli, isichukue nafasi ya maji na jua. Ivunwe kwa kipimo, chini ya uangalizi wa wataalamu wasioogopa kusema simama, na muda itakaotupatia tuutumie kupanda miti na kueneza mitambo ya jua.

Katika kazi hiyo askari ana sehemu yake. Kambi hupika kwa ajili ya watu wengi, na kuni za kambi hutoka katika milima hiyo hiyo. Magereza yetu yalikwisha kuonyesha njia, yalipoanza kupikia gesi itokanayo na vyoo. Mradi huo ulipata tuzo ya kimataifa ya Ashden mwaka 2005. Lililowezekana gerezani halishindikani kambini. Anayelinda mitambo ya ziwani na huku anachoma msitu jikoni, analinda mlango wa mbele na kuuacha wa nyuma wazi.