Mifumo miwili ndani ya mashini moja: mafundi wanaacha kazi katikati

Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Mwenye mashini ya okazioni, nzee kiasi cha kukataliwa na Windows 11, anashauriwa siku hizi kuweka Linux kando ya Windows yake, na kuchagua kila anapowasha. Shauri ni zuri. Kinachokasirisha ni namna kazi hiyo inavyomalizwa: fundi anaonyesha kwamba mifumo yote miwili inawaka, analipwa, anaenda. Faili za mteja zitakaa wapi? Hakuna aliyeuliza.

Kisha mwanafunzi anaandika sura ya memwari yake ndani ya Linux, anafungua Windows, haioni. Linux nyingi hupanga disiki kwa ext4, na Windows haisomi ext4. Disiki ya nje yenye mpango huo ikichomekwa, Windows inauliza kama iiformati. Anayekubali kwa haraka amejifutia kazi ya miezi.

Upande wa pili, Linux inasoma na kuandika NTFS ya Windows, ila kuna mtego. Tangu Windows 8, ukibonyeza kuzima, mashini haizimiki kabisa. Chaguo liitwalo "Démarrage rapide" linahifadhi hali ya mfumo kwenye disiki ili kesho iwake upesi. Linux ikikuta disiki katika hali hiyo, inaifungua kwa kusoma tu, au inakataa. Ikilazimishwa kuandika, faili zinaweza kuharibika pale Windows inaporudi na hesabu zake za jana. Halafu lawama inaangukia Linux, ambayo ilikuwa inaonya.

Dawa inajulikana: sehemu ya tatu kwenye disiki, ya faili za mwenye mashini peke yake, inayofunguliwa na mifumo yote miwili. Wengine wanaipanga kwa exFAT. Kwa kle USB, exFAT inafaa kuliko FAT32, ambayo haipokei faili moja ya GB 4, hata kama ni video ya harusi. Lakini kwa disiki ya ndani, Bukavu au Butembo, ambako umeme unakatika bila kubisha hodi na betri za okazioni zimechoka, exFAT ni chaguo baya. Haina jurnali, yaani daftari ambamo mfumo unaandika kile unachotaka kubadilisha kabla ya kukibadilisha, ili usipotee ukikatizwa. NTFS inayo.

Basi fundi ahifadhi kwanza faili za mteja mahali pengine, apunguze sehemu ya Windows, atengeneze ya tatu kwa NTFS, azime "Démarrage rapide" katika "Options d'alimentation", na apange Linux ifungue sehemu hiyo kila ikiwaka. Amwambie pia mteja asiweke nukta mbili wala alama ya kuuliza katika jina la faili: Linux inakubali, Windows inagoma.

Na kabla franga hazijatoka mfukoni, mteja aombe jaribio moja. Faili iandikwe katika Linux, mashini izimwe, iwashwe kwa Windows, faili iongezwe mstari, kisha ifunguliwe tena katika Linux. Mstari usipoonekana, fundi akae tena kwenye kiti.