Vyuo, Acheni Kutoa A kwa Kasuku

Makomredi, tuambiane ukweli. Kukariri maana ya mfumo endeshi kisha kuitapika kwenye mtihani si kusoma kompyuta. Kabla niache chuo, lekchara alituambia vifaa vya kujenga mmoja hakuna. Vifaa gani sasa? QEMU ni ya bure, na inaiga kompyuta nzima ndani ya laptopu yako. Andika msimbo wa kuonyesha herufi moja tu, utoshee baiti 512, mbili za mwisho ziwe 55 na AA, halafu uwashe. Umeanza hivyo! Linus Torvalds alianza Linux mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, miaka 21. Leo kiini chake kiko ndani ya simu yako ya Android. Walimu, toeni huu mradi, ama tutabaki wateja milele.